Wakimbiza Mwenge

Ukihesabu kutoka Aprili 2 hadi Oktoba 14 unapata siku 195. Ukijumlisha halmashauri 184 za Tanzania Bara na wilaya 11 za Zanzibar, unapata 195 vilevile. Ratiba ya sasa ya mbio za Mwenge wa Uhuru imejengwa juu ya hesabu hiyo: siku moja, halmashauri moja, mpaka nchi iishe. Ilala inapata siku yake, Ukerewe siku yake, Micheweni siku yake. Hakuna anayeongezewa kwa utajiri wala kupunguziwa kwa ubovu wa barabara. Hakuna Rais wala Waziri Mkuu anayeweza kuizunguka nchi namna hiyo kila mwaka. Wanaoizunguka ni vijana sita.

Vijana hao huteuliwa kutoka Bara na Zanzibar, mmoja wao akiwa kiongozi wa mbio kitaifa, na kwa miezi sita na nusu makazi yao ni barabarani. Hawakupigiwa kura na mtu. Mbio zikiisha hawabaki na ofisi. Lakini siku wanayoingia wilayani, mkuu wa wilaya na kamati yake ya usalama husimama mpakani kuwasubiri, wazee huvaa nguo za sikukuu, na mkurugenzi wa halmashauri huwa amelala saa chache akipanga mafaili. Historia ya Mwenge huandikwa zaidi kama historia ya moto, na ya Mwalimu Nyerere aliyeuwaza. Hapa nataka kuiandika kama historia ya wanaoubeba, kwa sababu naamini heshima ya taasisi hii imepanda na kushuka pamoja nao.

Wazo lilitangulia uhuru kwa miaka miwili. Oktoba 22, 1959, Julius Nyerere alisimama katika Baraza la Kutunga Sheria, Dar es Salaam, akasema watu wa Tanganyika wangependa kuwasha mwenge na kuuweka juu ya Mlima Kilimanjaro, umulike hata nje ya mipaka. Maneno yaliyofuata, ya tumaini, upendo na heshima, anayajua kwa moyo karibu kila Mtanzania aliyepita shule ya msingi, na sina haja ya kuyarudia. Kinachosahaulika ni majira yenyewe. Mwezi mmoja tu kabla, Septemba 1959, Warusi walikuwa wamefikisha chombo chao, Luna 2, kwenye uso wa mwezi, na habari za roketi zilikuwa zimejaa dunia nzima. Nyerere aliligusa hilo katika hotuba ileile: nchi isiyo na uwezo wa kurusha roketi kwenda mwezini ina kitu kingine cha kuwapelekea binadamu wenzake popote walipo. Na aliyasema hayo mbele ya wakoloni wenyewe, ndani ya baraza lao. Mwenge ulikuwa ujumbe kwa wengine kabla haujawa sherehe yetu. Ng'ambo ya Ruvuma Wareno walikuwa wamekaa wala hawana dalili ya kuondoka. Nyerere alipowaza mwanga unaovuka mipaka, hakuwa akitafuta pambo la hotuba: FRELIMO, harakati ya ukombozi wa Msumbiji, iliundwa Dar es Salaam Juni 1962, mwezi wa saba tu baada ya uhuru wetu.

Usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961, bendera ya Uingereza iliposhushwa kwenye Uwanja wa Taifa, Luteni Alexander Nyirenda alikuwa mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, akisimika bendera mpya na mwenge kwenye theluji ya Kibo. Alikuwa mmoja wa maofisa Waafrika wa kwanza wa Tanganyika kufunzwa katika chuo cha kijeshi cha Sandhurst, Uingereza. Alipanda mlima akiwa askari wa King's African Rifles, akashuka akiwa ofisa wa Tanganyika Rifles, maana jeshi lilibadilishwa jina siku hiyohiyo. Kilele ambacho Mjerumani Hans Meyer alikipa jina la mfalme wake mwaka 1889 kikaitwa Uhuru. Picha ya Nyirenda, amejifunika kofia ya baridi, ameishika bendera, imechapishwa mara nyingi kiasi kwamba tumeacha kuitazama. Itazame tena. Ni kijana wa miaka ishirini na kitu aliyepewa kazi moja tu: kwenda mahali ambapo taifa zima haliwezi kufika, akafanye jambo kwa niaba ya wote, kisha arudi. Kazi ya kila mkimbiza Mwenge aliyefuata ni ileile, isipokuwa mahali pa kufika pamekuwa pengi zaidi. Nyirenda alifariki mwaka 2008.

Mbio za kila mwaka zinahesabiwa tangu 1964, na mwaka huo ulikuwa mzito. Januari 12 yalitokea Mapinduzi ya Zanzibar. Wiki moja baadaye, Januari 20, askari wa Tanganyika Rifles waliasi, na serikali changa ikalazimika kuomba majeshi ya Uingereza yaje kuwanyang'anya silaha askari wake yenyewe. Aprili 26 ukatangazwa Muungano. Septemba 1 likaanza jeshi jipya, JWTZ, ambalo vijana wa chama tawala, TANU, na wa Jeshi la Kujenga Taifa walipewa nafasi kubwa ya kulijaza. Kwa mtazamo wangu haiwezekani kuzielewa mbio za Mwenge bila kuziweka ndani ya mwaka huo. Nchi ilikuwa imegundua kwamba uhuru unaweza kutikiswa kwa asubuhi moja na watu wachache wenye bunduki. Ilihitaji kuonekana katika kila wilaya, na ilihitaji vijana wenye nidhamu wanaoweza kutumwa. Umoja wa Vijana wa TANU ukakabidhiwa Mwenge.

Katika miaka hiyo kutembea kwa ajili ya nchi kulikuwa njia ya kusema jambo. Azimio la Arusha lilipotangazwa Februari 1967, makundi ya vijana yalitembea mamia ya maili kuliunga mkono, na mmoja wao, Seth Benjamin, alifia njiani. Jina lake likawekwa kwenye kumbukumbu za nchi. Oktoba ya mwaka huohuo Mwalimu mwenyewe alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza. Mwenge ulipita katika mazingira hayo. Mtu aliyeona vijana wakiingia kijijini na vumbi mpaka kwenye nyusi hakuhitaji kuelezwa kwamba wametoka mbali kwa ajili yake.

Alama nayo ilienea haraka. Mwenge uko kwenye sehemu ya juu ya ngao ya taifa. Benki Kuu ilipotoa sarafu zake za kwanza mwaka 1966, shilingi moja ilikuwa na sura ya Nyerere upande mmoja na mkono ulioshika mwenge upande wa pili, kwa hiyo mwananchi aliugusa kila alipokwenda dukani kununua chumvi. Arusha na Mnazi Mmoja kuna minara yake. Dar es Salaam ina mtaa mzima na soko la wachonga vinyago vinavyoitwa Mwenge, na makonda wa daladala wameliita jina hilo mara nyingi kuliko wanasiasa wote.

Chama kimoja kiliutunza Mwenge kwa karibu miaka 30: TANU, kisha CCM baada ya TANU na ASP ya Zanzibar kuungana Februari 5, 1977. Katika zama za vijiji vya ujamaa na elimu ya watu wazima, ujio wa Mwenge ulikuwa ndiyo tarehe ya mwisho ya kazi ya kujitolea. Kisima kilichochimbwa kwa zamu, darasa lililojengwa kwa matofali yaliyofyatuliwa na wazazi, zahanati ambayo kila kaya ilichangia mawe na mchanga: vyote vilisubiri siku ya kuzinduliwa. Wazee wa vijijini bado wanaitaja miaka kwa miradi hiyo. Wanasema zahanati hii ilifunguliwa na Mwenge, na ukitafuta jiwe la msingi utalikuta chini ya tabaka tatu za rangi, herufi zimejaa chokaa, lakini zinasomeka.

Siasa za vyama vingi ziliporudi Julai 1992, swali la nani mwenye Mwenge likawa halikwepeki. Ukiwa mali ya chama, haungeweza kuwadai heshima wasio wanachama wake. Mwaka 1993 serikali ikauchukua. Katika miongo yote ya taasisi hii sioni uamuzi mwingine uliokuwa na uzito kama huo, na nadhani haujasherehekewa vya kutosha. Kuanzia hapo mkimbiza Mwenge alikuwa mjumbe wa dola kwa raia wote, na kila mara anapoonekana kuegemea chama anakuwa amevunja ahadi iliyotolewa mwaka huo.

Siku ya Mwenge ina hatua zake, na watu wa wilayani wanazijua kama wanavyojua hatua za harusi. Unapokewa, unakimbizwa, unakesha, unakabidhiwa.

Mapokezi hufanyika mpakani asubuhi. Upande mmoja wanasimama wa wilaya inayotoa, upande wa pili wa wilaya inayopokea, katikati kuna mita chache za barabara zilizofagiliwa. Skauti, mara nyingi watoto wa darasa la tano au la sita, huwavisha wageni skafu. Ni kazi inayotaka utulivu: mtoto anapiga hatua, anasaluti, mgeni anainama, skafu inazungushwa shingoni bila kugusa kofia, mtoto anarudi nyuma hatua zilezile. Wamefanya mazoezi kwa wiki nzima wakivishana wao kwa wao chini ya mwembe wa shule. Kisha mkuu wa wilaya anasoma taarifa: Mwenge utakimbizwa kilomita kadhaa, utapitia miradi kadhaa, yenye thamani ya shilingi kadhaa. Wakimbiza Mwenge wa wilaya wanaungana na wale wa kitaifa, na msafara unaondoka.

Sehemu kubwa ya safari leo ni ya magari. Lakini kila panapokaribia watu, Mwenge unateremshwa na kukimbizwa kwa miguu, na hapo ndipo sherehe ya kweli ilipo. Waendesha bodaboda wanatangulia na honi. Kwaya ya wanawake wa mtaa, wameshona kitenge cha aina moja kwa gharama zao, inaimba wimbo uliotungwa wiki hiyohiyo ukitaja majina ya vijiji vyote. Mama lishe ameamka saa tisa usiku kuchemsha supu. Mgambo amesimama juani tangu asubuhi kuzuia watoto wasikanyagwe. Mwalimu wa sayansi kimu amepewa jukumu la chai ya wageni, na mwalimu wa michezo amefundisha gwaride ambalo litapita dakika nne. Yupo pia mzee aliyewahi kuubeba Mwenge ujana wake, sasa kashika mkongojo, anayesogezwa mbele ili aushike tena kwa sekunde chache, na umati unapiga makofi kuliko ulivyompigia kiongozi yeyote siku hiyo. Wengi wa watu hawa hawalipwi. Taasisi inasimama juu ya mabega yao, na jina la hata mmoja wao haliingii kwenye taarifa inayokwenda mkoani.

Usiku ni mkesha. Uwanja wa shule au wa mpira unawashwa taa, ngoma za asili zinakutana na singeli, wataalamu wa afya wanapima shinikizo la damu na virusi vya Ukimwi kwenye mahema, wachuuzi wanauza mihogo ya kukaanga mpaka alfajiri. Risala ya utii ya wananchi kwa Rais inasomwa na kukabidhiwa kwa kiongozi wa mbio aifikishe. Ujumbe wa mwaka unaelezwa kwa kirefu, pamoja na ule wa kudumu wa mapambano dhidi ya Ukimwi, malaria, dawa za kulevya na rushwa. Ukizipanga jumbe za kila mwaka mfululizo unapata kalenda ya mahangaiko ya nchi: viwanda mwaka 2017, elimu mwaka 2018, maji mwaka 2019, matumizi sahihi ya tehama mwaka 2021, sensa mwaka 2022, mazingira na vyanzo vya maji mwaka 2023. Ule wa 2022 ulikuwa na tarehe yake ya mtihani, Agosti 23, siku ya kuhesabiwa. Watu 61,741,120 wakaandikwa. Sidai kwamba Mwenge ndio uliowaleta. Ila karani wa sensa aliyegonga mlango wa nyumba ya mwisho kabisa kijijini alikuta watu wameshasikia habari zake.

Sasa nifike kwenye kazi ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo inayouhalalisha Mwenge katika zama hizi. Ni ukaguzi.

Msafara unapofika kwenye mradi, tuseme kituo cha afya kilichokamilika, kiongozi wa mbio haendi moja kwa moja kwenye utepe. Anasomewa taarifa ya mradi: fedha zilikotoka, zilivyotumika, nani alijenga. Halafu anaomba nyaraka. Anataka kuona mchakato wa zabuni, mkataba, risiti za EFD za kila mfuko wa saruji, ripoti ya maabara ya vipimo vya zege na tofali. Wenzake wanaingia vyumbani. Mmoja anafungua bomba la sinki la kunawia mikono, maji yanatoka au hayatoki. Mwingine anafunga na kufungua mlango mara tatu akisikiliza bawaba, anapita kidole kwenye pembe ya dirisha kuona kama rangi imefunika ufa. Mhandisi wa wilaya yuko nyuma yao, faili kifuani. Umati uko nje, nyuma ya kamba, umenyamaza, kwa sababu umati unajua majibu. Wananchi walioponda kokoto za jengo hilo wanajua ni mifuko mingapi iliingia getini na mingapi iliondoka usiku.

Ikiwa mambo yako sawa, utepe unakatwa na vigelegele vinapaa. Yasipokuwa sawa, kiongozi anasema hadharani, mbele ya kipaza sauti, kwamba mradi huu Mwenge hautauzindua mpaka kasoro zirekebishwe. Wenye kazi serikalini wanaliogopa tamko hilo kuliko barua nyingi za ofisini, maana linasemwa mbele ya waliochangia, na usiku huohuo linasikika redioni. Hapo kijana asiye na cheo cha kudumu amemuuliza mkurugenzi swali ambalo mwenyekiti wa kijiji alikuwa akilimeza kwa mwaka mzima. Ukaguzi wa hesabu nchi hii inao, na Mkaguzi Mkuu anatoa ripoti zake kila mwaka, kwa lugha ya wahasibu, zikafika Bungeni. Mwenge unakagua mbele ya wenye mali, na wenye mali wanasikia.

Mwaka 2021 ndio uliodhihirisha jambo hili vizuri. Mwaka uliotangulia mbio zilikuwa zimesitishwa kwa sababu ya ugonjwa wa Uviko-19, na mwaka 2021 zikaanza kwa kuchelewa, Mei 17, Makunduchi, Kusini Unguja. Kiongozi wake alikuwa ofisa wa jeshi, Luteni Josephine Mwambashi. Miaka 60 baada ya luteni wa kwanza kufika Kibo, luteni mwanamke alikuwa akipita halmashauri kwa halmashauri akiuliza saruji imekwenda wapi. Alikataa kuzindua miradi mingi, na habari za kukataa kwake zilitangulia msafara kiasi kwamba wilaya zilizokuwa mbele zilianza kupaka rangi upya na kutafuta risiti. Mbio zilipofikia kilele Chato, mkoani Geita, Oktoba 14, Rais Samia Suluhu Hassan alipokea taarifa na kuagiza miradi yenye dosari ichunguzwe.

Waliomfuata Mwambashi wamekuta kiwango hicho kimewekwa: Sahili Geraruma mwaka 2022, kutoka Njombe hadi Kagera; Abdalla Shaib Kaim mwaka 2023, kutoka Mtwara hadi Manyara; Godfrey Mnzava mwaka 2024, kutoka Kilimanjaro hadi Mwanza; Ismail Ali Ussi mwaka 2025, kutoka Pwani hadi Mbeya. Nayataja majina haya kwa sababu ni rahisi kuyasahau. Mwaka mmoja kijana anajulikana nchi nzima, mwaka unaofuata anapanda basi na hakuna anayegeuka kumtazama. Hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa kwa mtu aliyetumwa, lakini nchi nayo inapaswa kukumbuka ilimtuma nani.

Malalamiko juu ya Mwenge ni ya siku nyingi na hayafai kupuuzwa katika maandishi ya kumbukumbu. Wabunge wa upinzani wametaka mara kadhaa uwekwe makumbusho, wakisema gharama zake zingejenga madarasa. Rais John Magufuli alijibu Oktoba 2016 huko Simiyu kwamba hautafutwa katika uongozi wake. Jibu hilo lilifunga mjadala wa kuufuta, ila maswali mengine yalibaki wazi. La michango ndilo linaloniuma zaidi. Mwalimu au mwenye duka anayepelekewa fomu ya mchango iliyokwisha kujazwa kiasi, na kuelewa kwamba kutotoa kutakumbukwa, hakuchangia Mwenge, amelipishwa. Jambo lililozaliwa na kujitolea likitozwa kwa vitisho linakufa kwa ndani hata kama moto unawaka. Vilevile kwa wanafunzi wanaosimamishwa barabarani kwa saa tano wakisubiri msafara unaopita kwa sekunde ishirini, bila maji na bila kivuli. Na mkesha ulipata sifa mbaya katika miaka ambayo Ukimwi ulikuwa ukiua bila dawa. Si bure kwamba mahema ya kupima afya ndiyo sasa yanasimama uwanjani usiku kucha. Kuna pia lile la miradi kupambwa kwa ajili ya wageni: darasa linalowekewa madawati yaliyoazimwa shule jirani, yanayorudishwa msafara ukishapita. Wanakijiji wakiona hivyo wanajifunza kwamba ukaguzi ni maigizo, na kumfundisha mtu kinyume chake baadaye ni kazi ngumu.

Mwaka 2025 ulileta swali zito zaidi. Ujumbe wa mwaka huo ulikuwa kuwahimiza wananchi kushiriki Uchaguzi Mkuu kwa amani na utulivu, na ulisomwa katika halmashauri na wilaya zote 195. Wiki mbili baada ya kilele cha Mbeya, Oktoba 29, siku ya uchaguzi iligeuka kuwa siku ya ghasia na vifo, na familia nyingi zimebaki na misiba. Anayeupenda Mwenge hawezi kulipita jambo hilo kimya. Mwalimu aliutaka umulike penye chuki. Vijana waliouona ukipita mtaani kwao mwezi Julai, na wengine huenda waliukimbiza, wana haki ya kuuliza kama yupo aliyewasikiliza kati ya mapokezi na makabidhiano. Risala ya utii huenda juu, kutoka kwa wananchi kwenda kwa Rais. Utaratibu wa majibu kurudi chini, kwa mkono wa wakimbiza Mwenge wenyewe, haupo, na ninaamini unawezekana. Kiongozi wa mbio anapofika wilayani mwaka unaofuata, aanze kwa kusoma mbele ya umati yale yaliyoombwa mwaka jana na yaliyofanyika.

Mambo mengine mawili yanawezekana hata kabla ya mbio zijazo. La kwanza ni taarifa ya ukaguzi. Hivi sasa mwananchi anasikia mradi wake umekataliwa, halafu hasikii tena. Orodha ya miradi iliyokataliwa, kasoro zake, na tarehe ya kurekebishwa ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kila ofisi ya kijiji na mtaa, na ibaki pale mpaka Mwenge urudi. La pili ni kitabu cha wakimbiza Mwenge. Wale wa miaka ya 1960 na 1970 sasa ni wazee, wametawanyika kuanzia Kigoma hadi Pemba, na kila mwaka tunawazika. Wana picha zilizofifia, beji, daftari za safari, na kumbukumbu za vijiji ambavyo barabara zake wakati ule zilikuwa njia za ng'ombe. Idara ya vijana ikishirikiana na Nyaraka za Taifa ingeweza kuanza na mkoa mmoja, ikawaomba maofisa vijana wa wilaya wawatafute wazee hao, wakae nao na kinasa sauti, waandike majina yote: ya waliobeba kitaifa, na ya wale waliobeba kutoka mpaka huu hadi mpaka ule tu, kilomita chache, siku moja ya maisha yao.